Miguu inayookolewa kabla ya kuzaliwa

Mwaka 1997 Rubén Quintero na wenzake nchini Marekani walichapisha taarifa ya watoto wawili waliotibiwa wakiwa bado tumboni. Utando unaomzunguka mtoto huweza kupasuka, vipande vyake vikawa nyuzi zinazojizungusha kwenye kidole, mkono au mguu. Kiungo kinapokua, uzi unabana. Damu ikikosa kupita, mtoto huzaliwa kiungo kimevimba au kimekatika kabisa, na mama huulizwa maswali ya ajabu mtaani, ilhali hakuna alilotenda. Madaktari hao waliingiza kamera nyembamba kwenye mfuko wa uzazi, wakaukata uzi. Viungo vikanusurika.

Hawakufika hapo kwa siku moja. Mwaka 1958 Ian Donald wa Glasgow alionyesha kwamba mawimbi ya sauti yanaweza kupiga picha ya kilichomo tumboni, na bila altrasaundi hakuna daktari angejua uzi uko wapi. Mwaka 1963 William Liley, kule Auckland, alimwongezea damu mtoto ambaye hajazaliwa kwa sindano ndefu iliyopita tumboni mwa mama. Mwaka 1981 Michael Harrison wa San Francisco aliufungua mfuko wa uzazi kwa kisu ili kumsaidia mtoto aliyezibika njia ya mkojo.

Ubishi ulikuwa mkali, na kwa haki. Mama asiye na ugonjwa wowote analazwa mezani na kupasuliwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Jibu zito lilitoka mwaka 2011, baada ya utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu watoto wenye mgongo wazi, ugonjwa unaopoozesha miguu. Walipotimiza miezi 30, asilimia 42 ya waliotibiwa tumboni walitembea bila kushikiliwa, dhidi ya 21 ya waliosubiri kuzaliwa. Lakini wengi wa waliotibiwa tumboni walizaliwa kabla ya siku zao, na mama zao waliachiwa kovu linaloufanya upasuaji kuwa wa lazima kwa kila uzazi unaofuata.

Nairobi je? Mwaka 2024 Hospitali ya Kenyatta ilitangaza kwamba madaktari wake wamemwongezea damu mtoto aliye tumboni. Ni hatua ya kujivunia, ingawa ni sindano ya Liley, miaka 61 baadaye.

Sasa shuka hadi Mukuru kwa Reuben, kwenye vyumba vya mabati vinavyopakana na viwanda vya Industrial Area. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apigwe altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki 24. Mama anayefika kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi sita, baada ya kuhesabu nauli na kibarua kitakachompita, amekwisha kupitwa na dirisha hilo. Uzi ukiwapo, hakuna atakayeuona.

Kilichomfikia mtoto wa mitaa kama hii mapema zaidi ni plasta. Mwaka uleule wa 1963, Ignacio Ponseti wa Iowa alichapisha njia yake ya kunyoosha mguu kifundo, yaani mguu uliopinda tangu kuzaliwa: plasta inayobadilishwa kila wiki, mkato mdogo kwenye kano ya kisigino, kisha viatu vilivyounganishwa kwa chuma, vinavyovaliwa usiku hadi mtoto afike miaka minne hivi. Kwa miongo kadhaa madaktari wakubwa waliidharau, wakapendelea kisu. Uganda iliikumbatia kuanzia miaka ya 1999 na 2000, na hapa Kenya watoto wenye ulemavu wa viungo wana hospitali ya CURE huko Kijabe tangu 1998.

Mgongo wazi, hata hivyo, una kinga ya bei nafuu kuliko upasuaji wowote. Uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 za kwanza baada ya mimba kutungwa, kabla wengi hawajajua wana mimba. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walithibitisha kwamba asidi ya foliki, ikianza kutumiwa kabla ya mimba, inapunguza kasoro hiyo kwa asilimia 72 kwa akina mama waliowahi kuzaa mtoto wa namna hiyo. Vidonge vya kliniki huja uti ukiwa umeshafunga, au umeshindwa. Ndiyo maana mwaka 2012 Kenya ililazimisha unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe virutubisho, foliki ikiwemo.

Lakini Reuben watu wengi hununua mahindi kwa gorogoro, yaani kwa kopo, na kuyapeleka posho mill, mashine ya kusaga ya mtaani. Unga huo haupitii kiwanda chochote. Nchini Tanzania, shirika la Sanku limefunga kwenye mashine ndogo za kusaga kifaa kinachodondosha virutubisho kulingana na uzito wa nafaka. Shilingi ya kwanza ningeiweka kwenye posho mill hizo, na ya kamera ya tumboni ingefuata baadaye.