Kwasa 3C 279: Mwako wa mbali utosini mwa Mombasa

KWASA ni kiini cha galaksi ya mbali ambacho hung'aa kupita nyota zote za galaksi hiyo zikijumlishwa. Chanzo cha nguvu zake ni shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua. Gesi huvutwa kuelekea humo na kupata joto kali, huku chembe nyingine zikirushwa nje katika mchirizi mwembamba, kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Mchirizi huo ukielekea duniani, miale yake ya gama huweza kuwaka ghafla kisha ikafifia.

Mojawapo ya kwasa hizo, 3C 279, imo katika buruji la Sumbula. Kila siku hupita karibu kabisa na utosi wa Mji wa Kale wa Mombasa, kwa tofauti isiyofika nyuzi 2. Mwanzoni mwa Aprili hufika hapo yapata saa sita za usiku. Hata hivyo, aliyesimama kando ya Fort Jesus hawezi kuiona kwa macho, wala miale yake ya gama haimfikii, kwa sababu angahewa huizuia.

Ndiyo maana darubini za miale hiyo hupelekwa angani, na pwani ya Kenya imeshiriki katika kazi hiyo tangu mapema. Mnamo Novemba 15, 1972, setilaiti ya Marekani, SAS-2, ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Hapo ni jirani na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huongezea roketi kasi. Aidha, setilaiti inayofuata ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe zinazovuruga vipimo.

SAS-2 ilinyamaza Juni 1973. COS-B ya Ulaya, iliyorushwa 1975, ndiyo iliyonasa miale ya gama ya kwasa kwa mara ya kwanza, kutoka 3C 273. Mwaka wa 1991, Compton ya Marekani iliikuta 3C 279 ikiwaka kwa nguvu.

AGILE ya Italia ilirushwa kutoka India Aprili 2007, lakini data zake zilipokewa Malindi, ilikopita takriban kila saa moja na nusu. Wepesi huo ulikuwa muhimu, kwani mwako hudumu siku au saa chache tu, na darubini nyingine hazina budi kuelekezwa kabla haujafifia. Novemba 2010, AGILE pamoja na Fermi ya Marekani zilishuhudia mwako mkubwa wa kwasa 3C 454.3.

Juni 2015 ikawa zamu ya 3C 279. Fermi ilionyesha kuwa miale yake ilibadilika katika muda wa dakika chache. Badiliko la haraka kiasi hicho haliwezi kutoka katika eneo kubwa. Jinsi eneo dogo linavyotoa nguvu nyingi namna hiyo ni suala ambalo wanasayansi wangali wanalijadili.

AGILE iliteketea ikirejea katika angahewa Februari 2024. Kumbukumbu zake zimebaki, zikiwamo za miale iliyoanza safari yake miaka bilioni 5 hivi iliyopita, kabla dunia haijaumbika. Mwako ambao haukunaswa ulipopita hauwezi kupimwa tena.