Kebo, mnara na leseni: nani anahusika na nini Mtwara?

Mwenye televisheni ya kebo Mtwara mjini haruhusiwi kuvuta waya na kukusanya ada bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya 2003.

Ila leseni peke yake haifikishi intaneti Msimbati wala Kilambo. Waya hufuata penye nyumba nyingi. Vijiji vya karibu na mdomo wa Ruvuma hutegemea minara ya simu. Kampuni zikiona wateja ni wachache, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), wa sheria ya 2006, huzipa ruzuku zijenge.

Uko mpakani? Simu ikidaka mtandao wa Msumbiji, salio linaweza kwisha haraka. Ingia setingi, chagua mtandao wa Tanzania.

Una malalamiko? Anza na kampuni yako. Usiposikilizwa, nenda TCRA.