Windo Katika Hariri: Batiki za Utopia
Mnamo 1977, wanawake Waaborijini wa Utopia, katikati mwa Australia, walianza kujifunza batiki, sanaa iliyostawi Java. Mwaka 1988, wasanii 88 wa huko walitia nakshi hariri 88 za mkusanyo uitwao Utopia: A Picture Story. Humo mna wanyama wa windo kama kenge na emu, pamoja na vyakula vinavyochimbwa ardhini. Mhakiki anayeviona vielelezo hivi kuwa mapambo matupu huupotosha ujumbe wavyo. Kwa jamii iliyokuwa ikidai ardhi yake kisheria mwishoni mwa miaka ya 1970, kujua chakula kinapopatikana ni kuijua ardhi yenyewe. Hivyo basi, hariri hizi ni matini za kihistoria, japo hazina maandishi.