Unukuzi: Jinsi Bakteria Anavyochagua Jeni ya Kutumia

Mwandishi wa biolojia akifika mahali ambapo seli inatengeneza RNA kwa kufuata DNA, maneno mawili yanamjia: unakili na unukuzi. Ni rahisi kuchukua lolote lililo karibu. Mimi nasimama na unukuzi, wala si kwa sababu ya ladha ya sikio. Neno lisilofaa hapa linamficha msomaji jambo kubwa sana katika maisha ya bakteria.

Anayenakili hati huichukua yote, herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho, na nakala yake huweza kusimama badala ya hati yenyewe. Hivyo ndivyo seli inavyofanya inapojiandaa kugawanyika: DNA nzima inanakiliwa, ili kila seli mpya ipate yake. Anayenukuu ana kazi nyingine. Kitabu anakiacha kilipo, anachagua kifungu kinachofaa hoja aliyo nayo leo, anakiandika pembeni. Kesho hoja ikibadilika atanukuu kifungu kingine, na kitabu ni kilekile.

Bakteria aitwaye Escherichia coli, mkazi wa utumbo wetu, ana jeni zipatazo 4,300 katika DNA yenye jozi za besi milioni 4.6 hivi. Akizitumia zote kwa nguvu kwa wakati mmoja atajimaliza, kwani kila protini inagharimu nishati na malighafi. Basi anachagua, na sehemu kubwa ya uchaguzi huo hufanyika kabla RNA haijaundwa.

Kimeng'enya kinachonukuu ni polimerasi ya RNA. Kikisaidiwa na protini iitwayo sigma, kinatambua sehemu iliyo mwanzoni mwa jeni, yaani promota, kinaachanisha nyuzi mbili za DNA, kisha kinasonga mbele kikiunga nyukleotidi 40 hadi 50 kwa sekunde. Bakteria hana kiini, kwa hiyo ribosomu, zinazounda protini kwa kufuata RNA, hazisubiri: huanza kuitafsiri RNA hiyo wakati mwisho wake bado haujanukuliwa. Hapo neno tafsiri linakaa barabara, maana lugha ya nyukleotidi inageuzwa kuwa ya asidi amino. Katika unukuzi lugha haigeuki, isipokuwa palipo na T kwenye DNA huandikwa U kwenye RNA. Tena RNA nyingi za bakteria huvunjwa baada ya dakika chache tu. Unukuzi wa jeni ukikoma, protini mpya za jeni hiyo nazo hukoma muda si mrefu.

Haya hayakujulikana kirahisi. Mwaka 1941, Paris ikiwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani, Jacques Monod alikamilisha tasnifu yake kuhusu ukuaji wa bakteria. Alikuwa ameona kwamba wakipewa glukosi pamoja na sukari kama laktosi, wanakula glukosi kwanza. Ikiisha wanasimama kidogo bila kukua, kisha wanaendelea na sukari ya pili. Kusimama huko kulimshughulisha miaka mingi. Ni nini kinachofanyika wakati bakteria amesimama?

Jibu lilipatikana kwenye Taasisi ya Pasteur, katika maabara ya darini ya André Lwoff, Monod aliposhirikiana na François Jacob. Jaribio ninalolipenda zaidi ni lile walilofanya na Mmarekani Arthur Pardee na kulichapisha mwaka 1959. Walichukua bakteria waliokosa mambo mawili: jeni nzima ya kimeng'enya cha kuvunja laktosi, na jeni nyingine iliyoonekana kukidhibiti kimeng'enya hicho. Wakawaacha wapokee jeni zote mbili, zikiwa kamili, kutoka kwa bakteria wengine kwa njia ya kuungana. Kimeng'enya kilianza kutengenezwa ndani ya dakika chache, ingawa hapakuwa na sukari yoyote ya kukiita. Muda ulipopita, utengenezaji ukakoma. Maana yake ilikuwa nzito: jeni ya pili ilikuwa inatengeneza kitu kinachosambaa ndani ya seli, na kilipofikia kiasi cha kutosha kikaifunga jeni ya kwanza. Kwa hiyo kazi ya laktosi haikuwa kuamrisha jeni ifanye kazi. Ilikuwa kukiondoa kinachoizuia.

Mwaka 1961 Jacob na Monod walitoa nadharia ya operoni, kundi la jeni zinazonukuliwa pamoja chini ya udhibiti mmoja. Operoni ya laktosi ina jeni tatu. Protini zuizi hukaa kwenye DNA karibu na promota, na polimerasi haiwezi kunukuu ipasavyo. Laktosi ikiingia, sehemu yake hugeuzwa kuwa alolaktosi, ambayo huishika protini zuizi na kuibadilisha umbo, ikaachia DNA. Na glukosi inapopungua, molekuli iitwayo cAMP huongezeka, hujiunga na protini nyingine, nazo kwa pamoja huisaidia polimerasi kushika promota. Hali zote mbili zikikutana, kimeng'enya huongezeka hadi kama mara elfu moja. Lwoff, Jacob na Monod walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1965. Mwaka uliofuata Walter Gilbert na Benno Müller-Hill waliitenga protini zuizi yenyewe.

Nimesikia hoja kwamba unukuzi tayari ni mali ya wanaisimu, wanaosema unukuzi wa kifonetiki, na ya watafiti wanaoandika mahojiano waliyoyarekodi. Sioni ubaya. Muktadha unatosha kutofautisha, na neno linazaa vizuri: jeni hunukuliwa, au hainukuliki protini zuizi ikiwapo, na polimerasi ya RNA tunaweza kuiita kinukuzi.

Neno hili lina kazi hata kliniki. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, hujibana kwenye polimerasi ya RNA ya bakteria na kuziba njia ambayo RNA mpya ingepitia, hivyo unukuzi unakwama baada ya nyukleotidi mbili tatu. Polimerasi zetu sisi zina umbo tofauti, kwa hiyo dawa haizishiki. Mhudumu anaweza kumwambia mgonjwa kwa Kiswahili safi: dawa hii inawazuia bakteria wasinukuu jeni zao, na asiyenukuu hatengenezi protini. Usugu nao unaelezeka hapo hapo. Mara nyingi hutokana na badiliko dogo katika jeni iitwayo rpoB, inayotoa sehemu moja ya polimerasi. Dawa inakosa pa kushika, na unukuzi unaendelea. Mashine ya GeneXpert, inayotumika katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, hutafuta mabadiliko hayo katika kipande cha jozi za besi 81 tu cha jeni hiyo, na hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi.