Herufi ŋ na Madaftari ya Nsambya

Mapadre wa Mill Hill walipowasili Buganda mwaka 1895, wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, Kabaka Mwanga aliwapa kilima cha Nsambya. Na kutoka kwao Uingereza hakukuwa kwa bahati tu, kwani tangu vita vya Mengo vya 1892, kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, raia wengi walidhani kwamba Ukatoliki ni dini ya Wafaransa. Mwaka 1903 wakafuata masista wa Kifransisko, miongoni mwao Mother Kevin, ambao zahanati yao ndiyo asili ya hospitali ya St. Francis. Palipo na misheni na zahanati hapakosi daftari, na palipo na daftari pana majina, na katika majina hayo ndimo ilimojificha taabu ninayokusudia kuieleza.

Kiganda kina sauti ile tuitamkayo katika ng'ombe. Imla yake haikuwa moja kwa miaka mingi, hata mwaka 1947 ilipokubaliwa imla sanifu na sauti hiyo ikapewa herufi yake, ŋ, kama katika eŋŋoma, yaani ngoma, na eŋŋaali, yule korongo mwenye taji. Ulikuwa uamuzi wa busara. Walakini taipureta za makarani aghalabu hazikuwa na herufi hiyo, wala alfabeti ya Morse, iliyopita katika nyaya za reli ambayo watumishi wake walijengewa nyumba papo hapo Nsambya, haikuitambua. Basi makarani wakaandika ng', na dunia ikaendelea.

Zilipokuja tarakilishi, mambo yalirudi palepale. Usimbaji wa ASCII wa mwaka 1963 uliwatosheleza Wamarekani. Latin-1 ikawakumbuka Waswidi na Wafaransa, lakini ŋ ikaachwa nje. MySQL, hifadhidata iliyobuniwa Uswidi na kuenea katika zahanati nyingi za Afrika pamoja na programu ya OpenMRS, ilibaki na Latin-1 kama desturi yake, tena kwa mpangilio wa alfabeti ya Kiswidi, mpaka toleo la 8.0 la mwaka 2018. Matokeo yake fundi yeyote huyajua: eŋŋoma iliyohifadhiwa kwa UTF-8, usimbaji unaoijua ŋ, na kusomwa kwa Latin-1 hutokea eÅ‹Å‹oma, na ikiingizwa katika safu isiyoijua herufi hiyo huwa e??oma. Ile ya kwanza yaweza kutibiwa, kwa kuwa baiti zake zingali salama. Ya pili imekufa, maana alama ya kuuliza haikumbuki ilikuwa nani.

Hata ng' ya makarani haikuwa na amani, kwa sababu kile kikoma cha juu, katika lugha ya SQL, ndicho kifungacho maneno. Jina lenye ng' hukatika katikati na ombi zima hukataliwa, isipokuwa mwandishi akiandike mara mbili. Hapo ndipo fundi hutunga fankisheni yake mwenyewe ya kusawazisha majina, akaiita kwa kila mstari, kisha akalalamika kwamba seva ni mvivu.

Uvivu huo, kwa kweli, ulikuwa masafa. Kabla waya wa baharini wa SEACOM haujafunguliwa mwezi Julai 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya Uganda na nje ilipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na swali kwenda na jibu kurudi havikupungua nusu sekunde. Programu iliyoagiza majina 200 moja baada ya jingine ilingoja sekunde 100, hata kama seva yenyewe haikutoka jasho. Waya wa baharini umepunguza muda huo sana, lakini seva iliyoko London bado hudai zaidi ya milisekunde 100 kwa kila safari.

Kwa hiyo nawasihi mafundi wetu: mtandao usilaumiwe kabla ya kuhesabiwa safari, fankisheni na ifanye kazi kwenye seva kwa majina yote kwa mkupuo mmoja, na safu, muunganisho na faili zote ziwe za UTF-8 kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa.