MADHARA YA MWILI: Istilahi za Sheria, kwa Mfano wa Kibati

Madhara ya mwili, kwa mujibu wa sheria ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni jeraha, kilema au mauti yampatayo mtu kwa tendo la mwenzake, liwe la kusudi au la ghafala, na ambayo yampasa aliyeyasababisha kuyafidia. Msingi wake umo katika Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Sheria za Madai, kilichotolewa tarehe 30 Julai 1888, zama za Dola Huru la Kongo, kwa kufuata kanuni ya Wafaransa ya mwaka 1804. Na ijapokuwa tawala zimepokezana tangu hapo, vifungu vyake vya 258 hadi 262 ndivyo wavitegemeavyo mahakimu wa nchi hiyo hata leo.

Kibati, kijiji cha wilaya ya Nyiragongo kilicho kaskazini ya Goma, chafaa kutolewa mfano, kwani hapo barabara itokayo Rutshuru huteremka kuelekea mjini, na malori, pikipiki za abiria na chukudu, yaani baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilizosheheni viazi na makaa hugombea njia moja. Na tuchukulie kwamba dereva wa lori, hali akijua kuwa breki zake hazishiki, amemgonga mwendesha chukudu, akamvunja mguu na kukiharibu chombo chake. Dereva huyo ni mwajiriwa, na lori ni mali ya mfanyabiashara akaaye mjini.

Kosa, dhara na uhusiano. Mdai hana budi kuthibitisha mambo matatu: kwamba mdaiwa alitenda kosa, kwamba yeye mdai amepata dhara la hakika, na kwamba dhara hilo limetokana na kosa hilo wala si na sababu nyingine. Kifungu cha 258 chahusu kosa la tendo, na cha 259 chaongeza uzembe na kutohadhari. Basi kuendesha lori lisilo na breki mteremkoni ni kosa tosha, hata kama dereva hakumkusudia mtu ubaya.

Dhima ya mwingine. Kwa kifungu cha 260, mtu hujibu si kwa matendo yake tu, bali pia kwa ya wale walio chini ya mamlaka yake na kwa vitu alivyo navyo katika himaya yake: mzazi kwa mtoto, mwalimu kwa mwanafunzi, tajiri kwa mwajiriwa aliye kazini. Kwa hiyo mwenye lori aweza kuitwa mahakamani alipe, hata kama siku ya ajali hakuwako Kibati.

Jinai na madai. Tukio hili moja huzaa mashauri mawili. Kanuni ya Adhabu ya tarehe 30 Januari 1940, katika vifungu vya 52 hadi 54, humwadhibu amjeruhiye au amwuaye mtu bila ya kukusudia, kwa kukosa uangalifu. Shauri hilo hufuatiliwa na mwendesha mashtaka wa Serikali, ambaye ofisi yake watu wa Goma huiita parke. Majeruhi aweza kujiunga na shauri hilo ili hakimu aamue adhabu na fidia kwa pamoja, ama aweza kufungua shauri lake peke yake la madai.

Ukomo wa muda. Jinai ya kujeruhi bila kusudi, kwa kuwa adhabu yake haizidi mwaka 1 wa kifungo, huanguka ukiisha mwaka 1 bila ya kufuatiliwa. Lakini haki ya madai hudumu miaka 30. Tanzania na Kenya, zilizorithi sheria ya Waingereza, kwa kawaida humpa mdai wa namna hii miaka 3 tu.

Fidia. Fidia ya mali hulipa dawa, upasuaji, chombo kilichovunjika na chumo lililopotea. Fidia ya moyo hulipa maumivu na huzuni, na jamaa wa marehemu nao huweza kuidai. Cheti cha daktari ndicho kipimo cha ulemavu, wa muda au wa daima. Na pale hesabu isipothibitika kwa hati, hakimu hukadiria kwa insafu yake.

Bima. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973 kila mwenye gari ameamrishwa kulikatia bima ya madhara ya watu wengine. Shirika la SONAS, lililoundwa mwaka 1966, liliihodhi biashara hiyo peke yake hadi sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine.

Sulhu. Wengi humaliza neno kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mbele ya chifu au polisi. Mapatano hayo huwafunga waliopatana, lakini hayamfungi mwendesha mashtaka. Na aliyetia sahihi kabla mfupa haujaunga huenda amepokea bei ya jeraha asilolijua ukubwa wake.

Katika Kivu Kaskazini, jimbo la Goma na Kibati, ukomo huo wa muda una uzito wa pekee. Mei 2021, ilipotangazwa hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, mashauri ya jinai ya raia yalikabidhiwa mahakama za kijeshi, na mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikatekwa na waasi wa M23. Katika misukosuko ya namna hiyo mwaka mmoja wa jinai hupita upesi, ilhali miaka 30 ya madai humwachia majeruhi nafasi ya kungoja baraza litakalomsikiliza, maadamu amehifadhi cheti cha daktari, risiti za matibabu na majina ya mashahidi wake.