Hamu ya Zamani na Ardhi ya Kuchezea: Historia Fupi ya Michezo ya Watoto Jijini Kampala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hamu ya zamani inayojitokeza pale watu waliokulia Kampala katika nusu ya pili ya karne ya 20 wanapokumbuka michezo na vichezeo vya utoto wao. Kwa kufuatilia mweso, mpira wa nyuzi za mgomba na kwepena, makala yanaonesha kwamba michezo hiyo ilitegemea ardhi iliyo wazi na malighafi zilizopatikana bure karibu na nyumba. Inapendekezwa kwamba watunga sera waitazame hamu hiyo kama ushahidi wa kihistoria kuhusu matumizi ya ardhi mjini.

1.0 Utangulizi

Neno nostalgia liliasisiwa mwaka 1688 na tabibu Johannes Hofer, aliyelitumia kutaja maradhi ya watu waliokaa mbali na kwao. Baadaye neno hilo lilihama kutoka tiba hadi taaluma za utamaduni. Svetlana Boym (2001) alitofautisha hamu inayotaka kuirejesha jana na hamu inayoitafakari jana ikijua kwamba haitarudi. Tofauti hiyo inafaa kuisoma Kampala, ambako wazee na vijana wa makamo hulalamika kwamba watoto wa leo hawajui kucheza. Lawama kwa kawaida huelekezwa kwa televisheni na simu. Maelezo hayo yana ukweli, lakini huacha nje swali la msingi: watoto wa zamani walichezea wapi, na kwa kutumia nini?

2.0 Vichezeo na Chimbuko Lake

Mchezo wenye historia ndefu zaidi katika kundi hili ni mweso, ambao M. B. Nsimbi aliuandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1968. Msomaji anayeujua bao la Waswahili atautambua mara moja: mashimo 32 katika safu nne, kete 64, wachezaji wawili. Tofauti imo katika kanuni. Katika bao, kete zilizotekwa huanza kusambazwa kutoka pembeni mwa safu ya mbele ya aliyeziteka. Katika mweso, huanza kusambazwa kutoka pale mkondo wa kete zilizoteka ulipoanzia. Watu wazima walicheza kwenye ubao wa kuchonga. Mtoto alihitaji udongo wa kuchimba vishimo na mbegu au vijiwe tu.

Mpira nao ulitoka shambani. Nyumba ya Muganda ilizungukwa na lusuku, yaani shamba la migomba, na nyuzi kavu za mgomba, ziitwazo byayi, zilifungwa na kukazwa hadi zikawa mpira. Mpira mdogo zaidi ulitumika katika kwepena, mchezo uliopendwa hasa na wasichana, ambamo wachezaji wawili humrushia mpira aliye katikati naye hukwepa. Watanzania huuita mchezo wa namna hiyo rede. Gololi, matairi ya kusukuma kwa kijiti na magari ya waya yalihitaji njia au ua uliofagiliwa.

3.0 Yanayosahauliwa na Kumbukumbu

Hamu ya zamani huyaita yote haya michezo ya asili. Historia inakataa kauli hiyo ya jumla. Gari la waya liliiga magari yaliyoletwa katika enzi ya ukoloni. Mpira wa mifuko ya plastiki, ambayo Kampala huitwa kaveera, haukuwezekana kabla ya mifuko hiyo kuenea madukani, na leo wako wanaoukumbuka kwa hamu ileile ambayo wazazi wao waliukumbuka mpira wa byayi. Watoto walichukua kilichokuwapo na kukigeuza.

Kumbukumbu hufunika pia uhaba. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, biashara ilivurugika na bidhaa kutoka nje zikaadimika. Ubunifu wa mtoto wa miaka hiyo ni wa kusifiwa, lakini ufukara haupaswi kusifiwa pamoja nao.

4.0 Ardhi Iliyopotea

Mwaka 1968 mipaka ya jiji ilipanuliwa na kuingiza Mengo pamoja na maeneo mengine ya jirani yaliyokuwa bado na migomba mingi. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 330,700. Ile ya 1991 ilihesabu 774,241, na ya 2014 ikahesabu 1,507,080. Katika miaka 45 wakazi waliongezeka zaidi ya mara nne ndani ya eneo lilelile la takribani kilomita za mraba 189. Lusuku zilikatwa viwanja, na juu yake zikajengwa mizigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyo katika safu moja. Kwa hiyo mgomba uliotoa mpira na ua ulioupokea mpira huo viliondoka pamoja.

Gharama ya upotevu huo ilidhihirika shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, licha ya kufunguliwa kwa sehemu katikati ya kipindi hicho. Kwa mtoto wa chumba kimoja, kufungwa kwa shule kulimaanisha pia kufungwa kwa uwanja pekee aliokuwa nao.

5.0 Hitimisho

Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na Ibara ya 31 ya mkataba huo inatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Matamasha ya michezo ya jadi na maonesho ya makumbusho yana thamani yake, lakini huhifadhi kanuni za mchezo bila kumpa mtoto mahali pa kuucheza. Hatua mbili zinastahili kutangulia: kutenga na kulinda kisheria viwanja vidogo vya wazi katika kila mtaa wa mizigo, na kuweka utaratibu wa kufungua viwanja vya shule za umma baada ya masomo na wakati wa likizo. Watoto wa Kampala wameonesha kwa vizazi kadhaa kwamba vichezeo watavitengeneza wenyewe. Ardhi hawawezi kuitengeneza.